Bata Kichwa, Matatu na Subira: gemu ya kukamata viumbe sebuleni kwetu

Nimekuwa kimya wiki kadhaa kwa sababu ya kazi za wateja (mnawajua wateja: "ni kitu kidogo tu, dakika tano"). Leo naiweka hifadhidata kando niwaandikie kuhusu mchezo. Wazazi kadhaa mmeniuliza swali lilelile: kuna gemu gani ya video ambayo mtoto anaweza kuicheza sebuleni bila damu, bila bunduki, bila matusi, na bila kula bando lote la data?

Jibu langu ni Pokémon: Let's Go, Eevee! Si gemu mpya. Ilitoka Novemba 16, 2018, pamoja na pacha wake Pokémon: Let's Go, Pikachu!, zote za konsoli ya Nintendo Switch. Kwangu uzee wake ni faida, maana kadi za mtumba zinapatikana. Tumeicheza nyumbani Kisauni kwa muda wa miezi mitatu, watu watatu: mimi, mpwa wangu wa miaka tisa, na mama yangu, ambaye kabla ya hapo alikuwa hajawahi kushika kidhibiti cha gemu maishani mwake. Nimeona mambo ambayo kwenye sanduku lake hayakuandikwa.

Ni gemu gani hii?

Kwa asiyejua: wewe ni mtoto katika mji mdogo, unapewa mwenzi (Eevee, mnyama mdogo mwenye manyoya ya hudhurungi) na kijitabu cha kielektroniki, kisha unatumwa duniani ukatafute viumbe, uwakamate kwa mpira, uwafunze na uwajue. Wako viumbe 151 wa kizazi cha kwanza, na wawili wengine, Meltan na Melmetal, wanaopatikana kwa kuunganisha na Pokémon GO ya simu. Kuna mashindano na walimu wanane, kuna genge la wahuni linaloitwa Team Rocket, na mwisho kuna ubingwa. Hakuna kifo vitani. Kiumbe akishindwa huzimia tu, unampeleka kliniki, anatibiwa bure. (Ndiyo, bure. Bila kadi ya bima. Mama alilishangaa hilo kuliko kitu kingine chochote.)

Wazo lenyewe lilitoka kwa wadudu. Satoshi Tajiri, aliyelibuni, alizaliwa 1965 na kukulia Machida, kando ya Tokyo, na utotoni alikuwa mshika wadudu hodari. Mji ulipokua, mashamba na vidimbwi vikageuka majengo na lami. Mwaka 1983 alianza kutoa kijarida cha michezo ya video kiitwacho Game Freak, na mwaka 1989 jina hilo likawa jina la kampuni. Alipoiona Game Boy na waya wake wa kuunganisha mashine mbili, aliwaza wadudu wakitambaa ndani ya waya kutoka kwa mtoto mmoja hadi kwa mwingine. Kazi ilichukua miaka kama sita, na gemu za kwanza, Red na Green, zikatoka Japani Februari 27, 1996.

Sisi tuliokimbiza kumbikumbi baada ya mvua ya masika na kuwafunga mbawakawa uzi mguuni hatuhitaji kufafanuliwa zaidi. Msitu wa kwanza katika gemu, Viridian Forest, umejaa viwavi, na mpwa wangu aliushinda kwa dakika ishirini huku bibi yake akimwuliza kama wanaliwa.

Namna inavyochezwa

Hii ni gemu rahisi kuliko ndugu zake wote, na imefanywa rahisi kwa makusudi. Katika zile za zamani ulitembea nyasini na kiumbe akakurukia bila kuonekana. Hapa unawaona wote wakizurura, unaamua umfuate nani na umkwepe nani. Hupigani na kiumbe wa porini kabla ya kumkamata, isipokuwa wachache wa pekee. Unasimama mbele yake, duara linapanuka na kusinyaa juu yake, nawe unatupa mpira kwa kurusha mkono wenye kidhibiti. Duara la kijani lina maana ya kiumbe mwepesi kukamatwa, jekundu lina maana ya mgumu. Ukirusha wakati duara ni dogo unapata nafasi bora zaidi. Unaweza pia kumpa tunda kwanza: Razz Berry hurahisisha kumkamata, na Nanab Berry humtuliza yule asiyetulia.

Kidhibiti kimoja cha Joy-Con kinamtosha mchezaji mmoja. Konsoli inakuja na viwili. Kile cha pili, mtu mwingine akikitikisa, anaingia papo hapo kama mchezaji wa pili. Haulizwi jina, hafungui akaunti, hasomi maelekezo. Wote wawili wakirusha mpira kwa wakati mmoja, nafasi ya kumkamata kiumbe inaongezeka. Mchezaji wa pili hawezi kuzungumza na watu wa humo wala kuokota vitu. Anatembea, anapigana na anarusha. Kwa mchezaji stadi hiki ni kilema. Kwa bibi na mjukuu ni muujiza mdogo.

Mimi ni mtu wa programu, na ninajua ni vigumu kiasi gani kuruhusu mtu aingie katikati ya kazi na kutoka bila kuharibu kitu. Mama huingia mpwa wangu akimwita "Bibi, njoo, ni yule mgumu!", anarusha mipira mitatu, kisha anarudi jikoni kutazama wali wake. Gemu haimlaumu. Haimwambii amepoteza chochote. Kazi ya kuacha mlango wazi namna hiyo aliifanya mtu mahali fulani, na aliifanya vizuri.

(Onyo la kitaalamu: mvishe mrushaji ile kamba ya mkononi. Mama ana mkono wa mtu aliyetwanga mpunga miaka mingi, na runinga yetu bado ina deni.)

Pesa, data na stima

Haya ndiyo maswali ya Kenya, kwa hivyo niyajibu moja kwa moja.

1. Hakuna duka ndani ya gemu. Ukishanunua umenunua. Mtoto hawezi kubonyeza mahali akakata pesa zako. Gemu nyingi za "bure" kwenye simu zimetengenezwa ili mtoto akwame kisha aombe M-Pesa ya mzazi. Hii haina tabia hiyo.

2. Haihitaji intaneti kabisa kuichezea nyumbani. Ukinunua kadi, unaichomeka na kucheza.

3. Stima ikipotea, unaitoa konsoli kwenye kituo chake, unaisimamisha mezani na kuendelea mpaka betri iishe. Usiku wa kwanza tuliokosa umeme ndio tuliocheza vizuri zaidi, maana hakuna aliyetaka kutazama habari.

4. Bei rasmi ilipotoka ilikuwa karibu dola 60, ambazo kwa gemu ya mtoto ni pesa nyingi. Mimi nilinunua kadi iliyotumika kwa Sh4,500. Konsoli yenyewe ndiyo gharama kubwa, na simshauri mtu aikopee.

5. Kila mtumiaji wa konsoli anahifadhi safari moja tu. Ukiwa na watoto wawili, mfungulie kila mmoja wasifu wake mapema. Mdogo akianza safari mpya juu ya ile ya mkubwa, hapo ndipo damu itakapomwagika, nayo haitakuwa kwenye skrini.

Herufi kumi na mbili

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Gemu hii ina lugha tisa: Kijapani, Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano, Kihispania, Kikorea, na Kichina cha namna mbili za maandishi. Kiswahili hakimo, na sikutarajia kiwemo. Mpwa wangu anasoma Kiingereza vizuri. Bibi yake anasoma Kiswahili vizuri na Kurani vizuri zaidi, lakini Kiingereza si lugha yake. Kwa hivyo tangu siku ya kwanza mtoto amekuwa mkalimani. Anasoma kimoyomoyo, kisha anasema: "Bibi, huyu anasema njia imefungwa mpaka tupate chai." (Kweli kabisa. Kuna walinzi wenye kiu wasiofungua lango la mji wa Saffron mpaka waletewe chai. Hilo halikuhitaji maelezo yoyote nyumbani kwetu.)

Siku ya pili aliniuliza: "Mjomba, kwani Kiswahili hakiingii kwa kompyuta?"

Hakuuliza kwa uchungu. Aliuliza kama mtu anayeuliza kwa nini samaki hapandi mti. Shuleni kwake kuna kibao anachovishwa mtoto akipatikana anaongea lugha nyingine siku za Kiingereza, na jioni mwenye kibao anakuwa na kesi. Mtoto wa miaka tisa hujumlisha hesabu hizo mwenyewe: Kiingereza ni cha vitabu, mitihani na mashine, Kiswahili ni cha Bibi, duka na kugombana. Mimi ninayekula kwa kazi ya kuandika programu nilikaa na swali lile, na sikupenda jibu ambalo nyumba yangu ilikuwa ikimpa. Kila kitu chenye skrini pale ndani kilikuwa kinamjibu kwa Kiingereza, simu yangu ikiwemo.

Lakini gemu ina ufa mmoja. Ukimkamata kiumbe unaweza kumpa jina lako mwenyewe, lisilozidi herufi 12. Nikamwonyesha. Akaandika la kwanza, akamwita bibi yake alione, na tangu hapo kazi ya kutaja majina ikawa ya Bibi.

Psyduck, yule bata wa manjano anayeumwa kichwa siku zote, akawa Bata Kichwa. Herufi kumi na moja pamoja na nafasi, ametoshea. Geodude akawa Jiwe. Koffing, tufe la zambarau linalotoa moshi kila upande, akapewa jina Matatu bila mjadala. Snorlax, jitu lililolala katikati ya barabara mpaka lipigiwe filimbi, alipangiwa kuitwa Mzee Usingizi, lakini herufi ni kumi na tatu. Mtoto alihesabu mara tatu kwa vidole akitafuta pa kupunguza. Mwisho akawa Mlalaji.

Halafu kuna Magikarp. Huyu ni samaki ambaye hajui kitu ila kurukaruka. Karibu na mlima wa kwanza kuna mtu anayekuuzia mmoja kwa 500 za pesa za humo, na kwa kila kipimo umeibiwa. Mpwa wangu alitaka kumtupa. Mama akasema, "Mwache. Mwite Subira." Wakawa wanambeba kama mzigo, akipata mafunzo yake kwa vile timu nzima hupata uzoefu kila mmoja wao akishinda au kukamata. Alipofika kiwango cha 20 skrini ikaangaza, na yule samaki akageuka Gyarados, joka la bahari la buluu lenye mdomo kama pango. Mtoto alipiga kelele mpaka jirani akabisha hodi. Mama akasema tu, "Si nilikuambia? Huvuta heri."

Methali ile wanaifundisha darasani. Nadhani siku ile ndipo alipoielewa.

Ekans naye alileta mambo. Katika Eevee anapatikana. Katika Pikachu hayupo. Nilimwonyesha mtoto kwamba jina lake ni neno la Kiingereza la nyoka lililogeuzwa mkia mbele. Akakaa kimya kidogo na penseli yake, kisha akaandika Akoyn. Nilicheka, lakini mfasiri yeyote anayelipwa angejivunia hilo.

Maana majina haya hutafsiriwa, msije mkadhani ni matakatifu. Bulbasaur kwa Kijapani ni Fushigidane, kwa Kifaransa ni Bulbizarre, kwa Kijerumani ni Bisasam. Watu walikaa mezani wakatafuta mzaha unaofanya kazi katika lugha ya mtoto wao. Mpwa wangu alikuwa akifanya kazi ileile, bila mshahara, kwenye kisanduku cha herufi kumi na mbili.

Je, Kiswahili kingeshindwa wapi?

Niingie kidogo kwenye ufundi. Wasiopenda msimbo warukie sehemu inayofuata.

Gemu kama hii haiandiki sentensi nzima kwa kila kitu. Inaandika sentensi moja yenye pengo, na programu inajaza pengo kwa jina la kitu kilichopo. Kwa Kiingereza pengo halisumbui sana. Kwa Kiswahili ngeli zinaamka. Vitu vya humu ni mipira, dawa, matunda na peremende. Basi: mpira umeisha, mipira imeisha, dawa imeisha, tunda limeisha, matunda yameisha, peremende zimeisha. Sentensi moja yenye pengo moja haitoshi, kwa sababu kitenzi hakijui kiambishi mpaka kijue nomino.

Dawa yake ni nyepesi. Kwenye jedwali la vitu unaongeza safu mbili: kiambishi cha umoja na kiambishi cha wingi. Mpira: u, i. Tunda: li, ya. Dawa: i, zi. Sentensi inachukua jina kutoka safu moja na kiambishi kutoka safu nyingine. Kifaransa na Kijerumani navyo vina jinsia za nomino, na gemu hii inazungumza lugha zote mbili, kwa hivyo si tatizo ambalo ulimwengu haujawahi kuliona.

Na kwa viumbe wenyewe Kiswahili ni chepesi kuliko wengi. Wote ni wa ngeli ya A-WA. Pikachu amekamatwa, Ekans amekamatwa, hata Voltorb anayefanana na mpira amekamatwa. Wala hatuhitaji kumwuliza mtu yeyote kama ni mume au mke ili tumtaje, "a" inatosha.

Basi hakuna kizuizi cha lugha. Kuna hesabu ya wanunuzi, na kampuni ina haki ya kupiga hesabu zake. Nasema tu kwamba tusimpe mtoto sababu ya uongo. Mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Facebook ilipata Kiswahili mwaka 2009, na wafasiri wa kujitolea walifanya sehemu kubwa ya kazi. Kiswahili kimekuwa kikiingia kwenye kompyuta tangu kabla mpwa wangu hajazaliwa. Nilimfungulia programu ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili akaona. Alisema "Hariri" ni neno zuri.

Kwa wazazi: yule aliyevaa fuvu

Nimesema gemu hii ni ya furaha, na ni kweli. Lakini kuna sehemu moja mnafaa kuijua mapema. Katika mji wa Lavender kuna mnara ambao ni makaburi ya viumbe. Kuna mdogo mmoja, Cubone, anayevaa fuvu kichwani, ambaye mamake aliuawa na Team Rocket akimkinga. Roho ya yule mama inakutana nawe mnarani. Hakuna picha ya kutisha, lakini maneno yanasema wazi.

Mpwa wangu anaishi nasi kwa sababu mamake, dada yangu, anafanya kazi Saudi Arabia. Huu ni mwaka wa pili. Alipofika pale aliacha kutafsiri. Mama akamwuliza wanasema nini.

"Wanasema mamake alikufa akimkinga, Bibi. Sasa anakaa kwa mzee mmoja."

"Mzee gani?"

"Mzee tu. Anawatunza waliobaki."

"Basi yuko mahali pazuri," Mama akasema, akarusha macho kwangu, na tukaendelea.

Baadaye mtoto alikamata Cubone wake mwenyewe. Sikumwambia lolote. Alimwita Wa Bibi. Ijumaa dada yangu alipopiga simu, mtoto alimsomea orodha yote: Bata Kichwa, Jiwe, Matatu, Mlalaji, Subira. Dada yangu alimcheka Matatu mpaka akakohoa. Alipofika kwa Wa Bibi dada aliuliza ni yupi huyo, akaelezwa, na alikaa kimya muda kabla ya kusema ni jina zuri.

Kama mtoto wako amefiwa au ametengana na mzazi, msimkataze sehemu hiyo. Kaeni naye tu anapofika hapo. Imeandikwa kwa upole, na inaishia kwa watu wanaotunza.

Kasoro

Zipo, na si chache.

Kulenga kwa mkono kunachosha. Kiumbe akisogea pembeni, mpira unaenda unakotaka wenyewe. Mtu aliyezoea kidhibiti kikubwa, Pro Controller, hawezi kukitumia hapa. Ukiishika konsoli mkononi, kulenga ni bora zaidi kwa kuwa unaizungusha mashine yenyewe na kubonyeza.

Kwa mtu mzima mpenda changamoto ni nyepesi mno. Wachezaji wawili wanapigana na mmoja, na mmoja huyo anapondwa. Baada ya saa kumi mimi binafsi nilikuwa nikicheza kwa sababu ya kampani tu.

Huwezi kuwapata wote peke yako. Eevee haina Oddish, Mankey wala Growlithe; Pikachu haina Vulpix wala Meowth. Lazima umpate mtu mwenye gemu pacha mbadilishane. Kuna pia viumbe wanne wa kizazi hiki, kama Haunter na Machoke, ambao hawafikii umbo lao la mwisho mpaka wabadilishwe. Hilo ndilo wazo la Tajiri la wadudu wanaopita wayani, na nalipenda: gemu inamlazimisha mtoto atoke akatafute mwenzake. Ana kwa ana ni bure; kwa intaneti unalipia usajili.

Kinachoniudhi ni Mew. Shigeki Morimoto, mmoja wa watengenezaji wa gemu za kwanza, alimchomeka Mew humo dakika za mwisho, katika nafasi ya baiti 300 hivi iliyobaki baada ya vifaa vya kutafutia hitilafu kuondolewa. Ni moja ya hadithi ninazozipenda sana katika kazi yetu. Katika Let's Go, Mew anapatikana kwa kununua kifaa cha pembeni, Poké Ball Plus. Utani wa mtengeneza programu umegeuzwa bidhaa ya rafuni.

Ununue?

Kama una konsoli tayari na mtoto wa kati ya miaka sita na kumi na miwili: nunua, ya mtumba. Kama unaye mtu mzima nyumbani asiyecheza gemu, mpe kidhibiti cha pili na usimweleze chochote. Kama unatafuta vita vya kufikirisha, tafuta nyingine katika ukoo huu, ziko nyingi.

Alama yangu: 7 kwa 10 ukicheza peke yako, 9 kwa 10 mkiwa watatu.

Na kwa wenzangu tunaotengeneza programu hapa kwetu, ombi moja. Katika kila kitu mnachokiunda, acheni kisanduku ambacho mtumiaji anaweza kuandika neno lake mwenyewe, kwa lugha yake, na mkifanye kirefu. Nimeona fomu za huku kwetu zinazokata majina ya watu katikati kwa sababu mtu fulani aliweka kikomo bila kuwaza. Herufi 12 zilitosha kuingiza Kiswahili kwenye gemu ambayo haikukialika. Zingekuwa 13, Mzee Usingizi angekuwepo.

Wiki ijayo narudi kwenye hifadhidata, kama nilivyoahidi. Kwaherini kwa sasa.